Mikrobe za koo kisha operasio ya kansere ya sauti

Mafundisho ya asubuhi kwa wamama wa kilo

Mukae vizuri. Wenye watoto wa kunyonya wanyonyeshe tu, masikio ndiyo tunaomba.

Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya chanjo. Tutasema juu ya ugonjwa unaokamata watu wakubwa, zaidi wanaume waliopita miaka 50: kansere ya kisanduku cha sauti. Mama mumoja atauliza: "Miye nimeleta mutoto, ile maneno inaniangalia namna gani?" Inakuangalia, mama. Kama baba yako, baba mukwe, mujomba ao bwana yako anatoka ospitali na shimo katika shingo, nani atafua kitambaa chake? Nani atachemusha maji yake? Ni wewe. Munganga anamwona siku chache, wewe unamwona kila siku. Na mutoto unayempakata anakaa katika nyumba ile ile.

Neno la kushika leo ni hili: kisha operasio hiyo, mikrobe za koo na za njia ya hewa zinabadilika. Kazi yetu si kuua mikrobe zote. Kazi yetu ni kuacha zile za amani zikae mahali pao, na kufunga mulango kwa zile zinazotafuta nafasi ya kuharibu. Maji, sabuni na uangalizi vinafanya kazi hiyo. Dawa za kununua ovyo sokoni zinaiharibu.

NJIA MBILI KATIKA KOO

Weka mukono mbele ya shingo yako, kisha useme "aaa". Unasikia kitu kinatetemeka? Ndicho kisanduku cha sauti. Katika koo kuna njia mbili: njia ya chakula iko nyuma, inashuka mpaka tumbo, njia ya hewa iko mbele, inashuka mpaka mapafu. Kisanduku cha sauti kinakaa juu ya njia ya hewa kama mulinzi kwenye mulango. Ukimeza, kinafunga, ili ugali usianguke katika mapafu. Mutu akila huku anacheka, mulinzi anachelewa, na mutu anapaliwa. Ninyi wote munajua.

Sasa, katika kinywa na koo munakaa mikrobe nyingi sana. Wenye elimu wamehesabu aina zaidi ya 700 katika vinywa vya watu. Usiogope. Nyingi hazifanyi ubaya wowote. Ziko kama watu wa kijiji: kila mumoja ana kiwanja chake, na kwa sababu viwanja vyote vina wenyewe, mugeni mubaya anakosa mahali pa kujenga.

Munataka kuona mufano? Mutoto anapewa dawa ya kuua mikrobe kwa siku nyingi. Kisha unaona utando mweupe juu ya ulimi wake, anakataa ziwa, analia. Ule utando ni kuvu. Ilikuwa pale tangu mbele, kidogo tu, kwa sababu majirani waliizuia. Dawa iliua majirani, kuvu ikapata kiwanja. Mushike mufano huu, tutaurudilia.

KANSERE INATOKA WAPI

Kansere hii haitoki kwa uchawi, na haitoki kwa kula na mugonjwa katika sahani moja. Sababu kubwa ni tumbako. Sababu ya pili ni pombe kali, kanyanga ao lutuku. Na mutu anayevuta na kunywa pamoja, hatari yake inazidi sana kuliko ya mutu anayefanya moja tu. Hata mwanamuke anayevuta anaweza kuipata.

Wale wanaochunguza koo za watu wamekuta kwamba koo la mugonjwa wa kansere hii halina mikrobe sawasawa na koo la mutu muzima. Aina zingine, kama zile zinazoitwa Fusobakteria na Prevotela, zinakuwa nyingi zaidi. Hizo zinapenda mahali pasipo na hewa nyingi, kama katika meno mabovu na katika nyama iliyoharibika. Jambo hilo halionyeshi kwamba zenyewe ndizo zilizoleta kansere. Linaonyesha kwamba moshi, pombe, meno mabovu na kidonda vimebadilisha kijiji chote cha koo.

Alama ya kwanza ni sauti. Sauti inakwaruza, inakauka, kama ya mutu aliyelia usiku mzima. Kikohozi cha malaria ao cha baridi kinapita. Lakini kama sauti imeharibika kwa zaidi ya majuma 3 na hairudi, hapana kungoja. Mupeleke kwa munganga, hata kama hasikii maumivu. Kansere hii ikikutwa ingali ndogo, mara nyingi inaponyeka bila kuondoa kisanduku chote: kwa operasio ndogo ao kwa miali, kama ile ya kupigia picha ya mifupa, lakini yenye nguvu zaidi. Bwana anaweza kukataa, aseme: "Hii ni baridi tu." Wewe unayelala naye karibu ndiwe unayejua ilianza siku gani. Hesabu majuma.

OPERASIO YENYEWE

Munganga wa kwanza kuondoa kisanduku chote kwa sababu ya kansere ni Theodor Billroth, katika muji wa Vienna, inchi ya Austria, tarehe 31 Desemba 1873. Wakati ule hapakuwa penisilini. Alexander Fleming aliiona mara ya kwanza katika mwaka 1928. Kwa hiyo katika miaka ile watu wengi walikufa kisha operasio hii: mate yaliingia katika kidonda, ao chakula kiliingia katika mapafu. Leo waganga wanajua vizuri zaidi namna ya kutenganisha njia zile mbili.

Wanafanya hivi. Wanaondoa kisanduku cha sauti. Njia ya hewa wanaigeuza mbele na kuishona kwa ngozi ya shingo, chini, karibu na mifupa ya kifua. Panabaki shimo wazi kwa maisha yote. Njia ya chakula wanaishona ifungwe vizuri. Tangu siku ile, kinywa ni kwa chakula tu, na shimo ni kwa hewa tu. Pua haipeleki hewa tena katika mapafu. Kwa hiyo tunasema: shimo lile ni pua yake mupya.

MIKROBE ZINABADILIKA MAHALI PATATU

Mahali pa kwanza ni kidonda. Mate yana mikrobe nyingi sana. Katika kinywa hazina shida. Ndani ya nyama iliyopasuliwa zina shida kubwa. Ndiyo sababu mugonjwa anapewa dawa ya mikrobe saa ya operasio, na ndiyo sababu analishwa kwa mupira unaopita katika pua mpaka munganga aseme sasa ameze. Wamama wengine wanaleta supu kwa siri: "Atakufa na njaa." Hapana, mama. Supu hiyo inaweza kufungua mushono, na mate yatoke kwenye shingo kwa majuma mengi.

Mahali pa pili ni kinywa na koo. Hewa haipiti tena pale. Kwa siku nyingi hatafuni. Dawa za ospitali zimeua aina zingine. Tena, kama amepewa miali, mate yanapungua, na mate ndiyo maji yanayosafisha meno. Kinywa kikikauka, mikrobe zinazotoboa meno zinaongezeka, na ile kuvu nyeupe ya watoto inakuja katika kinywa cha muzee. Munaona? Ni jambo lile lile la majirani.

Mahali pa tatu ni njia ya hewa. Pua yetu inafanya kazi tatu: inapasha hewa moto, inaitia maji, na inashika vumbi. Sasa hewa kavu inaingia moja kwa moja, na vumbi na moshi pamoja nayo. Njia ya hewa inakasirika, inafanya makohozi mengi. Na kwa sababu shimo liko kwenye ngozi, mikrobe za ngozi zinaingia na kujenga pale. Moja inaitwa Stafilokoke; inakaa katika pua na kwenye ngozi ya watu wengi wazima, na ndiyo inayofanya majipu. Ingine inaitwa Pseudomonasi. Inapenda maji na vyombo vyenye unyevu, kama brashi na kikombe cha kusafishia visivyokaushwa.

Musikilize vizuri hapa. Katika makohozi ya mutu mwenye shimo mutakutwa mikrobe hizi mara nyingi. Kukutwa kwao peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni homa, makohozi yenye usaha na harufu mbaya, ngozi nyekundu yenye joto, kupumua kwa shida. Kama hakuna alama hizo, hapana dawa ya mikrobe.

HAPANA KUMIMINA DAWA NDANI YA SHIMO

Munajua ile kidonge ya rangi mbili yenye unga ndani, inayouzwa sokoni moja moja. Watu wanaifungua, wanatia unga juu ya kidonda. Juu ya shimo la shingo, hilo ni jambo la kuua mutu. Unga unaingia katika mapafu, ao unachanganyika na makohozi, unakauka kama udongo wa ukuta, na unaziba njia. Vivyo hivyo mafuta ya mawese, maji ya majani, poda ya watoto, tumbako ya kusaga: hapana hata kimoja.

Na kumumezesha dawa hiyo kila mara anapokohoa? Utaua majirani wa amani. Zile mikrobe ngumu, zisizosikia dawa, zitabaki na kuzaana. Kisha zinapita kwa mikono na kwa vitambaa, zinafika kwa mutoto wako. Siku mutoto anapata jipu kubwa ao ugonjwa wa mapafu, ile dawa uliyozoea haitafanya kazi. Kama munganga ameandika dawa kwa siku 7, apewe siku 7, si 3. Na inayobaki ya mutu mwingine asipewe.

KAZI YA MAMA NYUMBANI

Kwanza, mikono. Osha kwa sabuni na maji mbele ya kugusa shimo, na kisha kuligusa. Kama umebadilisha mutoto aliyejisaidia, osha mara mbili.

Pili, ngozi ya kuzunguka shimo. Chemusha maji, yapoe, loweka kitambaa safi, kamua, panguza. Sabuni isiingie ndani. Usitumie pamba: nyuzi zake zinavutwa ndani na hewa.

Tatu, kabomba. Kama ana kabomba kadogo katika shimo, kasafishe mara nyingi kama ulivyofundishwa ospitalini, kisha kakauke mbele ya kukarudisha. Brashi yake ni ya kabomba tu, si ya chupa ya mutoto. Maji yasilale katika kikombe.

Nne, unyevu. Afunike shimo na kitambaa chepesi cha pamba, kama kipande cha kikwembe kilichozeeka, kifuliwe kila siku na kukaushwa kwa jua ao kupigwa pasi. Kinashika vumbi na kinatia hewa maji. Anywe maji ya kutosha. Kama ospitali imempa maji ya chumvi ya kudondosha, adondoshe matone yale aliyopimiwa, si zaidi. Makoko yaliyokauka yalainishwe kwanza. Hapana kuyachokoa kwa kijiti wala kwa ukucha.

Tano, meno. Apige muswaki asubuhi na usiku, hata kama amebaki na meno matatu. Kinywa safi kinalinda koo, hata kama hewa haipiti tena pale.

Sita, moshi. Asikae jikoni wakati wa kuwasha moto. Asivute tena, na mutu asivute karibu naye. Kuacha tumbako ni dawa ambayo hakuna soko linalouza.

Saba, maji ya ziwa na ya muto. Maji yakiingia katika shimo yanafika mapafuni mara moja. Asioge katika maji mengi, asipande mutumbwi peke yake. Nyumbani aoge kwa basani, maji yasipite kifua.

Tena kuna mambo madogo ambayo watu hawafikiri. Hawezi kupuliza uji wa moto, kwa sababu hewa haitoki katika kinywa. Mupoze mbele ya kumupa. Hasikii harufu vizuri. Samaki iliyooza anaweza kuila bila kujua. Unuse kwa ajili yake. Na akikohoa, makohozi yanatoka kwa shingo: mufundishe kufunika shimo, si kinywa.

SAUTI YAKE

Mutu huyu hakugeuka bubu wa akili. Anasikia yote. Wengine wanajifunza kumeza hewa kidogo na kuirudisha kama neno. Wengine wanatumia mashine ndogo inayotetemeka kwenye shingo. Wengine wanawekewa mulango mudogo kati ya njia ya hewa na njia ya chakula. Wakifunga shimo kwa kidole, hewa inapita katika koo, wanasema. Ule mulango nao unapata mikrobe na kuvu zinazoota juu yake, na kisha miezi unaanza kuvuja. Alama ni hii: akinywa maji, anakohoa mara moja. Hapo arudi ospitali wamubadilishie. Si kosa lake na si uchafu wako.

Wengine hawapati chochote cha hivyo. Wanaandika, wanaonyesha kwa mukono. Ngoja amalize. Usijibu mahali pake mbele ya watu kama kwamba hayupo. Mutu anayeachwa peke yake pembeni anaacha kula, anaacha kujisafisha, na pale ndipo mikrobe mbaya zinapopata kiwanja.

KIMBIZA OSPITALI KAMA UNAONA HAYA

Shingo inavimba, nyekundu, yenye joto. Mate ao chakula vinatoka kwenye shingo. Damu inatoka katika shimo. Homa pamoja na makohozi ya harufu mbaya. Shimo linazidi kuwa dogo. Anapumua kwa sauti ya filimbi, ao kucha zinageuka buluu. Kama ana kabomba chenye sehemu mbili, toa ile ya ndani upesi na kuisafisha, kisha mwende. Na kokote anakofika, sema kwa sauti: "Huyu anapumua kwa shingo." Oksijeni iwekwe kwenye shingo. Wanaomuwekea kwenye pua wanafanya kazi bure.

MAULIZO YA WAMAMA

"Munganga, mutoto yangu iko anapenda kupakatwa na babu yake mwenye shimo. Nikataze?"
Hapana, usikataze. Kansere haipiti kwa mutu mwingine. Babu aoshe mikono, afunike shimo. Uangalie tu mutoto asitie kidole ao mbegu ya mahindi ndani. Lakini kama babu ana kikohozi cha majuma 2 na zaidi, anakonda, anatoa jasho usiku, apimwe kifua kikuu kwanza, kwa sababu hicho kinapita kwa hewa.

"Vyombo vyake tuvitenge?"
Hapana. Vioshwe kwa sabuni kama vya wengine wote, na akule pamoja nanyi.

"Makohozi yalikuwa mengi mwezi wa kwanza. Yatakuwa vile siku zote?"
Mara nyingi yanapungua kisha miezi, kama shimo linafunikwa na moshi unakatazwa. Mwili unazoea, na mikrobe nazo zinapata makao mapya.

"Na kama hatuna franga ya kurudi ospitali kila mara?"
Ndiyo sababu tumesema leo sana juu ya maji, sabuni, kitambaa na muswaki. Hivyo viko nyumbani. Franga kidogo mulizo nazo musizimalize kwa vidonge vya sokoni. Muziweke kwa siku ya zile alama tulizosema.

Sasa, kila mumoja amwambie jirani yake alama moja ya kukimbiza mugonjwa. Haya, semeni, nasikia. Vizuri. Na yule mama anayejua nyumba yenye sauti iliyokwaruza zaidi ya majuma 3, apitie kwetu kisha kilo, atupe habari. Hatutamuhukumu mutu kwa sababu alivuta. Tunataka afike ungali mudogo ule ugonjwa.

Leteni karatasi za watoto, tuanze kupima.